Tuta la Mama

Sangiwa alipofungua mlango wa chumba cha mbegu, alitazama kwanza taa ya sikio, kile kipimo kilichochomekwa udongoni kusikiliza joto la tuta. Ilikuwa ya kijani. Akashusha pumzi. Siku hizo, pale Kitulo, taa ya kijani ndiyo ilikuwa habari njema pekee iliyobaki, na hata hiyo haikuwa ya watu. Ilikuwa ya tangawizi.

Alivua koti, maana humo ndimo mahali pekee ambapo mtu aliweza kuvua koti, akapiga magoti kando ya tuta na kuzamisha mkono kwenye udongo mpaka kiwikoni. Joto likampokea. Halikuwa joto la moto wala la jua. Lilikuwa joto la kitu kilicho hai, kama la tumbo la ng'ombe ukiliegemea asubuhi unapokamua. Vidole vikapapasa, vikamkuta mama mkuu amelala palepale, mnene kama paja, ana mafundo kila upande, na mabinti wamemzunguka kama watoto wanaogombea blanketi.

Kule Upare walikotoka, kila shina la tangawizi lina mama. Unapanda kipande kimoja, kinachipua, kinazaa mabinti ubavuni. Kile kipande cha kwanza ndicho mama. Katikati ya msimu mwanamke anafukua kwa vidole, taratibu, anamvunja mama shingoni, anamtoa na kurudisha udongo. Mabinti wanaendelea kunenepa kama vile hakikutokea kitu. Kazi hiyo waliita kumwiba mama, ingawa si wizi hata kidogo. Mama ni haki ya mwanamke aliyepanda. Atamchemshia chai, atamuuza apate chumvi, shauri yake. Hamwulizi mume, hamwulizi mwenyekiti.

Halafu wakubwa wa dunia wakatandaza pazia la vumbi angani ili jua lipungue ukali. Walikaa vikao, wakapiga picha, wakapeana mikono. Jua likapungua kweli. Mvua ikahama Upare, ikaenda inakokujua yenyewe. Maji yakabaki huku milima ya kusini, na huku kusini pazia likaleta sakitu, ule umande unaoganda ukaunguza jani kama limemwagiwa maji ya moto. Basi wataalamu wakatengeneza tangawizi ya baridi. Hawakuitoa hewani. Walichukua mbegu kwenye dari za majiko ya wanawake wa Upare, mbegu iliyopigwa moshi miaka na miaka, wakaibadilisha ndani kwa ndani. Mama wakampa uwezo wa kuchoma wanga wake mwenyewe akatoa joto, jinsi miili yetu inavyochoma ugali. Mabinti wakapewa kazi ya kulivuta hilo joto. Binti wa tangawizi hii hana joto lake. Ukimshika kwa mkono mtupu anakunyonya mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana wavunaji walitakiwa kuvaa glavu.

Walitakiwa. Mamlaka ya Mazao ya Baridi ilikuwa inalishughulikia suala la glavu. Ililishughulikia msimu wa kwanza, ikalishughulikia na wa pili, na Naghenjwa, mke wa Sangiwa, akavuna misimu yote hiyo kwa mikono mitupu. Baridi ilimwanzia vidoleni, ikapanda mikono, ikatua kifuani. Alipofika hatua ya kutoinuka kitandani aliomba kitu kimoja tu: mama mmoja kutoka tuta lake mwenyewe, alazwe naye chini ya blanketi. Haki yake. Lakini sheria ya Mamlaka ilisema mama hatolewi, kwa kuwa akitoka mabinti wanaganda, na mabinti ndio wanaokamuliwa mafuta ya dawa ya kifua kwa ajili ya watu wa nchi za mbali. Sangiwa akaenda kuomba ruhusa. Akaambiwa asubiri maelekezo. Maelekezo yalifika baada ya mazishi. Yalikuja gari moja na glavu.

Zilikuwa glavu nzuri, za sufu, za kijivu. Alizitia mfukoni mwa koti na hakuzivaa hata siku moja.

Alitoa mkono udongoni akaufuta kwenye suruali. Nje, kwenye vitalu vingine, mama wote walikuwa wamezimika. Mamlaka iliamuru uvunaji wa mara mbili kwa msimu, mama wakakosa nafasi ya kujaza wanga, na sakitu ya safari hii ilipokuja ikagoma kuondoka, wakapoa mmoja baada ya mwingine. Alibaki huyu tu, mama mkuu, na mabinti zake ndio waliokuwa mbegu ya kijiji kizima kwa msimu ujao. Mbegu ikifa, watu wote wanateremshwa, yaani wanapakiwa kwenye malori na kurudishwa kwenye vumbi la chini ambako hakuna tone. Ulinzi wake wakampa Sangiwa, mzee asiye na kazi nyingine. Walimpa ufunguo na kumwambia asiruhusu ngozi ya mtu kulala kwenye lile tuta.

"Wewe mzee!" Sauti ilitoka nje, na ngumi ikagonga mlango. "Mzee Sangiwa! Toka huko kwenye raha zako!"

Alikuwa Nakiete, jirani yake, mama wa watoto wawili, mwanamke mwenye mdomo wa kuchekesha hata msibani. Sasa hakuwa akicheka. Khanga yake kiunoni ilikuwa na damu iliyoanza kuganda.

"Binti yako Nanzia kajifungua," alisema.

"Si bado mwezi wake!"

"Mwezi haukuuliza mtu. Umepata mke, mzee. Mdogo hivi." Akaonyesha kwa viganja. "Njiti. Analia kama paka aliyefungiwa kabatini. Na ni wa baridi, Mzee Sangiwa. Nimempitisha kifuani kwangu, nimempitisha kwa mama Kiondo, nimemrudisha kwa mamake. Sisi sote ni baridi. Tunapasiana baridi tu."

* * *

Nyumba ya Nanzia ilikuwa giza ingawa ulikuwa mchana. Mchana wenyewe chini ya pazia ulikuwa wa rangi ya majivu, na paneli za sola juu ya bati zilikuwa zimefunikwa na barafu, betri zimelala. Kuni ziliisha zamani. Kitulo ni nyasi tupu, na misonobari michache iliyokuwako iliingia mekoni mwaka wa kwanza. Maji ya mtungi yalikuwa yameganda na kuupasua.

Nanzia alilala chini ya nguo zote za nyumba ile. Mumewe alikuwa kwenye kikosi cha kufukua barabara, upande wa pili wa barafu, na hakuna gari lililokuwa limepita. Midomo ya Nanzia ilikuwa myeupe kwa damu iliyomtoka.

"Baba," alisema. "Mshike. Mimi simpi joto, ananipa yeye."

Sangiwa akampokea mtoto. Alikuwa mwepesi kama fungu la mchicha. Ngozi yake nyembamba ilionyesha mishipa. Akafungua vifungo vya shati, akambandika kifuani, akafunga koti juu yake, akasubiri. Alihisi kama ameweka kijiwe cha mtoni. Muda ukapita. Kijiwe hakikupata moto.

"Nimemwita Naghenjwa," Nanzia alisema.

"Usimpe jina bado."

"Nimeshampa, baba."

Nakiete, aliyekuwa akisugua miguu ya mzazi kwa kiganja, alimtazama mzee, kisha akatazama ukuta. Sangiwa akajua kwamba wote wawili wanafikiria kitu kimoja, na kwamba Nakiete anaomba Mungu asikitamke.

"Kuna mahali pa moto," alisema Sangiwa.

"Mzee Sangiwa, acha."

"Nimesema tu kwamba kuna mahali."

"Najua ulilosema." Nakiete aliinuka. "Mimi ndiye niliyemtoa huyo mtoto kwa mikono hii. Usidhani moyo wangu ni jiwe. Lakini mama wa tutani hajui kutofautisha. Ukimlaza mtoto pale, atamwona ni binti yake mwenye baridi, na atampa. Atampa wote alio nao, na wale mabinti wataganda. Na wangu wawili watakula nini mwakani? Utawapikia maneno?"

Nakiete alikuwa amesema kweli, na kweli ya mtu mwenye njaa haipingwi kwa huruma. Sangiwa alimfunga vizuri mtoto ndani ya koti, akatoka.

"Baba?" Nanzia aliita nyuma yake. "Unampeleka wapi?"

"Kwa bibi yake," alisema, na mara ile akaona alivyokosea kulisema hivyo, maana bibi yake yuko kaburini. Akarudi mlangoni. "Kwa mbegu ya bibi yake. Si ndiyo ile iliyochukuliwa kwenye dari ya jiko letu? Mama mkuu alitoka mikononi mwa mama yako, wewe mwenyewe ulikuwepo. Lala. Nitamrudisha akiwa anakuunguza."

* * *

Alifukua kwa vidole, kando, jinsi alivyomwona mkewe akifanya maisha yote. Alitengeneza kishimo ubavuni mwa mama mkuu, penye udongo wa moto zaidi, akamlaza mtoto humo uchi, akamfunika taratibu mpaka shingoni. Uso ukabaki nje. Kichwa kilikuwa wazi na kidogo mno, na Sangiwa akakumbuka mfuko wa koti lake. Akatoa glavu moja ya Mamlaka akamvika kama kofia. Ilimtosha. Vidole vitano vya sufu vikasimama utosini kama machipukizi.

Mtoto alinyamaza. Mzee akashtuka, akasogeza sikio lake puani pa mtoto. Alikuwa anapumua. Alikuwa amenyamaza kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na cha kulilia.

Ndipo lile sikio jingine, la Mamlaka, lililochomekwa udongoni kama uyoga wa plastiki, likabadili taa. Kijani ikawa njano. Kikaanza kile kilio chake chembamba, kilio kilichosikika moja kwa moja mpaka kwa msimamizi.

Msimamizi huyo, Elinazi, alikuja mbio, na watu wakaja nyuma yake, maana mtu akikimbia kwenye sakitu kila mmoja anajua kuna jambo. Huyu Elinazi hakuwa mgeni. Alizaliwa kijiji kimoja na Sangiwa, alikula ubwabwa wa Naghenjwa udogoni, akasoma, akapewa kofia yenye nembo na simu ya upepo ya kuongea na makao makuu kule bondeni. Koti lake lilikuwa bovu kama la wengine. Wakubwa hawakumjali hata yeye.

Alisimama mlangoni, akaona uso wa mtoto ukichungulia udongoni.

"Mjomba," alisema polepole. "Umefanya nini?"

"Nimelaza mtoto."

"Mjomba, umezika mtoto!"

"Nimemlaza. Ukimwamsha utambembeleza mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka. Elinazi akainama kwenye sikio. Lilikuwa na kioo kidogo chenye mstari, na mstari ulikuwa unashuka.

"Anakunywa," Elinazi alisema. "Anakunywa sawa na mabinti wote pamoja. Mama ana wanga wa kufika mwisho wa sakitu akiwa na mabinti peke yao. Akiwa na huyu juu yao, anakomea njiani. Watakufa wote, mjomba. Mama, mabinti, na mtoto atakuwa anayefuata. Unaelewa? Hujamwokoa. Umempa siku chache, na umewachukulia hawa wote mwaka."

Watu walikuwa wakinung'unika. Mama Kiondo alisema mtoto ni mtoto. Mwanamume mmoja wa nyuma akamwuliza kama mtoto wa Nanzia ni mtoto kuliko wa kwake. Nakiete alisimama katikati yao, ameshika mabega ya watoto wake wawili, na Sangiwa alitamani angemtukana tu yakaisha.

"Ngoja nizungumze na makao makuu," Elinazi alisema.

Akasogea kando na simu yake. Wote wakasikia, maana simu ile ilikuwa inapiga kelele. Elinazi alieleza vizuri, kwa adabu, akitaja mtoto njiti, mama mkuu, hali ya mstari. Kule bondeni kulikuwa na sauti za vikombe. Sauti ya mtu aliyeshiba ikauliza kama mabinti bado wazima. Elinazi akajibu ndiyo. Ikauliza kama tukio limeshapewa namba. Elinazi akajibu bado. Kisha ikasema jambo hilo litafikishwa panapohusika.

"Na sisi tufanye nini, mzee?" Elinazi aliuliza.

"Subirini maelekezo."

Simu ikakatika. Elinazi aligeuka, na hakuweza kumtazama Sangiwa machoni. Maneno yalikuwa yaleyale. Hata sauti ilikuwa ileile. Ndiyo maneno aliyomletea nje ya ofisi mwaka uliopita, Naghenjwa akikohoa nyumbani.

"Wamesema tusubiri," alisema.

"Nimesikia."

"Mjomba, mimi sina mamlaka."

"Najua. Mwenye mamlaka anakunywa chai." Sangiwa hakupandisha sauti. "Mara ya kwanza nilisubiri, Elinazi. Nilikaa kwenye kigogo nje ya ofisi yako kama kuku anayeatamia yai bovu. Wewe uliniletea chai, nakumbuka. Nikamaliza chai nikarudi nyumbani, nikamkuta mke wangu amekunja vidole hivi. Sikusema kitu siku ile. Leo nasema. Sisubiri."

Akapiga magoti tena.

Alijua anachotaka kufanya, na hakikuwa kitu cha kitaalamu. Kilikuwa kile ambacho kila mwanamke wa Upare alikifanya katikati ya msimu. Akaingiza mikono yote miwili udongoni, akafuata ubavu wa mama mpaka kwenye zile shingo nyembamba zinazomuunganisha na mabinti.

"Mjomba, usivunje!" Elinazi alipaza sauti. "Ukivunja hairudi!"

"Kwani alipovunjwa mama wa nyumba yangu alirudi?"

Akavunja. Ilitoa mlio mdogo, kama kidole kinapovutwa kikalia. Akavunja ya pili, na nyingine, akizunguka tuta kwa magoti, na kila alipovunja alitoa binti mmoja na kumweka juu ya gunia. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba, kali na tamu, harufu ya majiko ya kwao, na wanawake waliosimama pale wakafumba macho bila kutaka. Alipomaliza alichukua majivu kwenye kopo akampaka mama kila jeraha, kama inavyofanywa, asivuje. Kisha akamrudishia udongo ubavuni mwa mtoto. Wawili tu sasa, bega kwa bega.

Taa ya sikio ikacheza njano kidogo. Mstari wa kwenye kioo ukatulia.

"Utafika mpaka sakitu itakapoisha," Elinazi alinong'ona, akiuhesabu kwa macho. "Akiwa na mtoto mmoja tu, wanga utamfikisha." Akatazama gunia. "Na hawa? Mabinti hawana mtu, mjomba. Hawatafika jioni."

"Mbegu haihitaji joto jingi kama mtoto. Inahitaji isigande tu." Sangiwa alikaa kitako, akafungua shati. Mbavu zake zilionekana zote. "Kila nyumba ichukue binti wake. Amweke kwenye ngozi, hapa, chini ya kwapa au kifuani, afunge nguo, asimtoe mpaka sakitu iondoke."

Wote walikuwa wavunaji. Wote walikuwa wamewahi kumshika binti kwa mkono mtupu, kwa dakika chache tu, na walijua. Yeye alikuwa anawaambia wamshike siku na siku, mahali moyo ulipo.

"Ananyonya, Mzee Sangiwa," mama Kiondo alisema.

"Ananyonya."

"Hivyo ndivyo mkeo alivyo..."

"Ndivyo hivyo. Siwafichi."

Hawakukimbilia gunia. Mtu asikudanganye kwamba watu maskini hukimbilia kufa. Walisimama, wakapiga mahesabu kimoyomoyo: nani nyumbani kwake ana nguvu, nani anakohoa tayari, nani hana budi kuachwa nje ya jambo hili. Halafu mama Kiondo akainama akachukua mmoja, akamtia ndani ya gauni na kulaani kwa lugha ya kwao alipogusa. Mwanamume yule aliyeuliza swali akachukua wake. Wengine wakafuata, na kila mmoja alipombandika alitoa ule mguno wa mtu aliyemwagiwa maji mgongoni. Elinazi alivua kofia yenye nembo, akaiweka chini, akachukua mmoja, akamtia chini ya shati la Mamlaka bila kumtazama mtu.

Akabaki Nakiete.

"Mimi siwezi," alisema. "Nina watoto wawili na kifua kimoja, Mzee Sangiwa. Wanalala juu yangu, mmoja huku, mmoja huku. Nikimweka huyo hapa, anawanyonya wao. Unataka nichague mbegu niwaache wanangu?"

"Hapana."

"Basi mwakani utaninyima tuta. Mtasema Nakiete hakubeba."

"Hakuna atakayesema." Alinyosha mkono kwenye gunia, akamchukua binti wa Nakiete. Wa Nanzia alikuwa ameshamtia chini ya kwapa la kushoto, na wake mwenyewe la kulia. Huyu wa tatu akamweka katikati ya kifua, akafunga vifungo vya shati, akafunga na koti. "Tuta lako litakuwepo. Huyu ni wako. Mimi nakushikia tu."

"Wewe ni mzee," Nakiete alisema. "Watatu!"

"Nenda nyumbani. Wakumbatie hao."

Nakiete alitoka akiwasukuma watoto mbele yake, na kila mtu akamwachia njia.

* * *

Watu walipoondoka, chumba kilikuwa kimebakiwa na joto dogo, lile lililoponyoka udongoni. Sangiwa alikaa ameegemea tuta, karibu na uso wa mtoto. Nanzia alikuwa ameletwa akiwa amebebwa na Elinazi na mama Kiondo, akalazwa upande wa pili, mkono wake umezama udongoni umeshika mguu wa binti yake. Alikuwa amelala, na midomo ilikuwa imeanza kurudiwa na rangi.

"Mke wangu," Sangiwa alimwambia yule mdogo. "Unaringa, ee? Umevaa glavu ya serikali kichwani. Bibi yako aliisubiri hiyo misimu miwili, wewe umeipata siku ya kwanza."

Mtoto akapiga mwayo. Shavu lake, alipoligusa, lilikuwa la moto. La moto kabisa, kama mkate.

Simu ya upepo ililia mahali fulani, ofisini. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Maelekezo yalikuwa yamefika. Hakuna aliyeenda kuyapokea.

Mlango ukafunguliwa. Nakiete aliingia na watoto wake wawili na blanketi lao. Hakumsalimu. Aliwakalisha watoto kwa Nanzia, akazunguka nyuma ya mzee, akaketi chini, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mzee.

"Kifua sina," alisema. "Mgongo ninao. Usiniulize kitu."

Hakumwuliza. Walikaa hivyo. Mgongoni kulikuwa na joto la mtu, na ubavuni joto la tuta, lakini mbele, chini ya koti, wale watatu walikuwa wakifanya kazi waliyotengenezewa. Aliwahisi mmoja mmoja. Yule wa katikati alikuwa mkali kuliko wote. Baridi yake haikuwa ngeni. Ilikuwa baridi ya kiganja cha Naghenjwa zile siku za mwisho, alipokuwa anakitia ndani ya shati lake, palepale, na kumwambia usinitoe, niache kidogo. Hakukitoa siku zile. Hakumtoa huyu.

Kikohozi cha kwanza kilikuja kidogo tu, kikavu, kama cha mtu anayesafisha koo kabla ya kuhutubia. Sangiwa alikitambua. Alikuwa amelala nacho chumba kimoja msimu mzima. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa glavu ile iliyobaki, akaikandamiza mdomoni ili Nanzia asisikie. Lakini Nakiete alikuwa na mgongo wake pale, na alikihisi kikipita.

Alijisogeza tu, akaegemea kwa nguvu zaidi.